Chipu Mbili

Jumatatu, 22 Aprili 2019
Nimetazama uwasilishaji wa Tesla mpaka mwisho. Chai imepoa, sijaigusa. Pete Bannon wao, kule Palo Alto, anaeleza kompyuta ya gari linalojiendesha, taratibu kama hana haraka na mtu. Chipu mbili kwenye bodi moja! Kila moja na umeme wake, na kumbukumbu yake. Iungue moja, gari linaendelea. Nimesimama peke yangu sebuleni. Hilo ndilo ninalolipigania kazini tangu Januari.

Jumanne, usiku
Usingizi hauji. Safu ya vizidishi 96 kwa 96: mizidisho 9,216 kwa pigo moja la saa, na safu hizo ziko mbili ndani ya kila chipu. Megabaiti 32 za kumbukumbu kando ya kila safu. Hapo ndipo penye uzuri, kwa sababu kwenda kuchota namba nje ya chipu kunakula umeme mwingi kuliko kuzidisha kwenyewe. Picha 2,300 kwa sekunde. Kompyuta yao ya zamani, 110. Na bodi nzima ni wati 72. Wati 72! Nani tena ataniambia mbili zitamaliza betri?

Jumatano, 24
Kikao kibaya. Bosi: "Moja inatosha, tuiongezee kasi." Kasi itatufaa nini ikizimika barabara kuu, watoto wamelala kiti cha nyuma? Kimya. Kisha wakarudi kwenye bei. Nimeumia. Programu utairekebisha kesho. Chipu ikishachongwa imechongwa.

Alhamisi
Mama kapiga simu, kauliza kama nakula. Nakula, mama.

Mchana maabara. Tumechomoa umeme wa chipu ya kwanza kwenye bodi ya majaribio. Skrini ya kushoto, giza. Ya kulia: mistari ya barabara ipo, kisanduku cha kijani bado kimemzunguka mwendesha baiskeli, hakikuyumba hata kidogo. Nilitaka kupiga kelele. Bosi akainama, akarudisha waya, akauchomoa tena kwa mkono wake. Hakusema kitu. Aliuchomoa mara ya tatu!

Ijumaa, 26
Ripoti inatakiwa saa kumi. Nimefuta kurasa zote za maelezo, nimebakiza matokeo ya jana na pendekezo moja: mbili, kila moja na umeme wake. Mchoro wa chipu moja siutii sahihi.