Hawala ya Baba

Asubuhi za Kifungilo ukungu hushuka hadi kizingitini, na mstaafu hana budi kuota moto akivirudia vitabu vyake vya zamani. Wiki hii nimeirudia Hawala ya Fedha, tamthiliya ya Amandina Lihamba iliyochapishwa mwaka 1980, nami nimeisoma nikimkumbuka marehemu baba yangu.

Chimbuko la tamthiliya hiyo ni hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegali, aliyekuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Alitunga kwa Kifaransa, akapata sifa, kisha akatambua kwamba wengi wa watu wa kwao aliowaandika vitabuni hawakuweza kuvisoma. Akikaribia umri wa miaka 40 alikwenda Moscow kujifunza kutengeneza filamu. Mwaka 1968 aliigeuza hadithi yake mwenyewe kuwa filamu, Mandabi, akaandika mswada na kuiongoza. Humo wahusika wanasema Kiwolofu.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mzee Ibrahima Dieng wa Dakar analetewa hawala na mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Posta wanadai kitambulisho. Kitambulisho kinadai cheti cha kuzaliwa, na cheti kinadai tarehe asiyoijua. Mwisho anatokea msomi mmoja nadhifu, anajitia kumsaidia, fedha zinaishia kwake.

Lihamba alikipa kisa hiki Kiswahili na jukwaa. Naye baadaye kamera ilimwita: katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001 aliigiza Samehe, mgonjwa aliyepotewa na usemi. Mtunzi wa maneno akabaki na uso na macho tu, na bado tukamwelewa.

Sasa nieleze la baba. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, kijana mwenye chaki mfukoni. Kaka yangu alituma hawala kutoka kwenye mashamba ya mkonge, na baba akateremka mlima mara tatu kwenda ofisi moja ambayo sitaitaja. Mara zote alirudi mikono mitupu. Jioni ya mara ya tatu alinipa fomu ya Kiingereza, akasema, “Mwalimu, nisomee.” Hakuniita mwanangu. Nami, badala ya kumsomea, nilimkaripia mbele ya mama kwa kupoteza cheti chake cha ubatizo.

Miaka kadhaa baadaye wanafunzi wangu waliigiza Hawala ya Fedha. Baba alikaa benchi la mbele, amevaa koti lake la kanisani. Watu walicheka mzee alipozungushwa kutoka dirisha hadi dirisha. Yeye hakucheka. Njiani kurudi aliniuliza, “Aliyeandika haya alinijuaje?” Tukapanda kilima kimya. Karibu na nyumbani akasema tena, “Na yule msomi, mlimpata wapi?”

Sikuwa na jibu. Sikuwahi kumwibia baba senti, lakini nilijua anauliza nini. Alifariki kabla sijamwomba radhi.

Kwa miaka mingi nilikuwa nimewafundisha vijana kuorodhesha dhamira za tamthiliya hiyo: urasimu, ujinga, tamaa. Nilisahihisha majibu yao kwa kalamu nyekundu, na mimi mwenyewe sikuwa nimeisikia hata mara moja. Baba, asiyejua kusoma, aliisikia kwa saa moja akaielewa yote, pamoja na sehemu yangu ndani yake. Ndipo nilipofahamu kilichompeleka Sembène Moscow.

Siku hizi, kabla ya kuhesabu mizani za shairi langu, humsomea jirani yangu, bibi mchuma majani asiyejua herufi. Akinyamaza pale nilipotaka acheke, nalirudia shairi. Nanyi wenzangu, mashairi yenu huanza kumsomea nani?