Picha za Kaskazi na za Kusi

Kila Ijumaa baada ya Alasiri tulikuwa tukiteremka ufuoni Shela na watoto, tukiwapiga picha. Kaskazi ikivuma, maji huwa maangavu. Ikija kusi, bahari huchafuka na mchanga hutuingia machoni, tukarudi na picha mbili tatu tu, mabuibui yamejaa upepo kama matanga.

Nyanya yetu hakuridhia kupigwa picha ya uso. Tulimstahi, tukampiga kwa nyuma, amemshika mkono kitindamimba wetu.

Masika haya ametangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Juzi tulizitandaza picha zote kitandani, tukasikitika kwamba hatuna hata moja ya uso wake. Kitindamimba akapita akiutia kidole kila mgongo: “Nyanya. Nyanya. Nyanya.” Hakukosea hata mmoja.