Siti, Usukani na Mgongo wa Mtu

Ufundi wa baiskeli nimejifunzia Moshi, pembeni mwa soko la Mbuyuni, kwa mzee aliyekuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Mteja akija, mzee alimtazama kwanza yeye anavyoshuka, ndipo akaitazama baiskeli. Akimwona mtu anashika kiuno, au anakunjua vidole, alijua spana ianzie wapi kabla hajaambiwa lolote.

Wakati huo mji ulikuwa wa Phoenix, Hero na Swala. Fremu ilikuwa inchi 22 au 24, magurudumu inchi 28, breki za vyuma, keria nyuma ya kubebea ndizi, majani ya ng'ombe au mtu mzima, na uzito wa karibu kilo 20. Uliikalia umenyooka. Kwa njia za tambarare za Pasua na za kwenda shamba la miwa la TPC ilikuwa baiskeli nzuri kabisa, na bado naiheshimu. Lakini hakuna aliyeuliza kama inamfaa. Mtu mfupi alinyonga akining'inia upande huu na huu, mrefu alinyonga magoti yakigonga usukani. Mzee wangu alikuwa akipandisha au kushusha siti kwa kila aliyefika, bila malipo, na wengi walimshangaa.

Baiskeli za resi zilianza kunijia baadaye, nyingine katika mitumba, nyingine zimeachwa na wageni waliomaliza kazi zao hospitalini au shuleni wakarudi kwao. Hapo ndipo nilipoona thamani ya yale macho ya mzee. Baiskeli ya resi haimsamehe mtu kipimo. Unailalia, uzito wako unagawanyika kati ya makalio, viganja na nyayo, na sentimita mbili za kosa unazihisi kabla hujafika Kiboriloni.

Kazi iliyonifundisha zaidi ililetwa na kijana aliyewahi kuwa mpagazi wa mlimani, kisha akapanda cheo akawa mwongoza watalii. Alikuwa amewekewa baiskeli mbili na muuzaji mmoja, achukue moja. Ya kwanza ilikuwa ya chuma, ya Japani, ya zamani, bomba la juu limelala sawa, tairi za milimita 23. Ya pili ilikuwa ya alumini, mpya zaidi, bomba la juu limeinamia nyuma, tairi za milimita 28.

"Shikamoo fundi. Nimezijaribu zote. Hii ya alumini ni laini, ile ya chuma inaniua. Lakini watu wananiambia chuma ndicho laini. Nichagulie."

"Marahaba. Mangi, ngoja kwanza nikupime wewe."

Nilimsimamisha ukutani pekupeku, nikabana pimamaji katikati ya miguu yake mpaka likagusa mfupa, nikapima hadi sakafuni: sentimita 82. Kuna hesabu iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani wa kwanza kushinda Tour de France, mwaka 1986. Chimbuko lake ni kwa kocha wake Mfaransa, Cyrille Guimard. Unazidisha kipimo hicho kwa 0.883, unapata urefu kutoka katikati ya ekseli ya pedali kubwa, pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi juu ya siti. Kwake ilitoka sentimita 72.4. Kisha nikamkalisha, mikono ya pedali imelala sawa na ardhi, nikashusha timazi ya mwashi kutoka mbele ya goti; nilitaka uzi upite kwenye ekseli ya pedali ya mbele. Hizi si sheria za kufa nazo. Ni mahali pa kuanzia, halafu mwili wenyewe unasema. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini. Likiuma kwa nyuma, iko juu. Viganja vikifa ganzi, tazama kama pua ya siti imeinama au usukani uko mbali.

Niliziweka zote mbili kwenye kipimo hicho hicho. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu wanapopotea: wanalinganisha baiskeli moja yenye siti iliyo sawa na nyingine yenye siti ya mtu mwingine, wanapitisha hukumu. Kisha nikazibadilishia tairi. Zile za milimita 28 ziliingia kwenye fremu ya chuma kwa kubana kidogo, za 23 nikazivika alumini, nikajaza upepo kila jozi kiasi kinachoifaa. Nikamtuma barabara ya Himo, aiendee kwa baiskeli moja, kesho yake kwa nyingine, akapite kwenye rasta na matuta yote bila kuyakwepa.

Akarudi amechanganyikiwa. Sasa ya chuma ilikuwa laini, ya alumini inamtetemesha mpaka meno. Ulaini wote aliokuwa akibishania na wenzake ulikuwa umekaa kwenye tairi. Sisemi fremu haina lake. Ina sehemu yake, ndogo. Lakini tairi pana yenye upepo wa wastani inafanya kazi ambayo hakuna chuma wala alumini itakayoifanya.

Tofauti iliyobaki ilikuwa ya kweli, na ilikuwa ya umbali. Ya chuma ilikuwa na bomba la juu la sentimita 56, na shingo ya usukani ikasogeza mbele sentimita 11 nyingine. Ya alumini ilikuwa na 54 na 9, na usukani wake ulisimama juu zaidi kwa sentimita 4. Kijana huyu alikuwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na miaka ya kubeba mizigo ya watu kwa kichwa na mgongo ilikuwa imemkaza shingo. Nikainua shingo ya usukani wa ile ya chuma mpaka kwenye alama ya mwisho, maana hizo za zamani unalegeza bolti moja, unagonga, inapanda. Za kisasa bomba likishakatwa halirefuki tena. Unachezea ringi chache tu.

Moshi mjini ni kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari, na lango la Marangu liko juu ya mita 1,800. Nilimwambia apande mpaka huko, kwa sababu tambarare inaficha mengi. Kupanda alikuja kulalamikia gia: ya chuma ilikuwa na meno 42 mbele na 24 nyuma kwenye gia nyepesi, ya alumini 34 na 28. Gia nzito inakufanya uvute usukani kwa mikono na kiuno. Lakini kilichoamua ni kushuka. Breki za zamani ukizishika kwa juu, kwenye raba, hazina nguvu ya kutosha. Inabidi uiname ushike kwenye pembe za chini. Kutoka Marangu hadi Himo, vidole viko kwenye breki karibu njia nzima, na yeye shingo ilimkataa. Kwenye alumini alishuka ameshika juu, breki zikamtii, kichwa kimeinuka anaona gari na watoto wa shule.

Akachukua ya alumini, tukairudishia tairi zake pana. Ile ya chuma nikainunua mimi. Mikono yangu ni mirefu na mgongo wangu haujabeba mizigo ya mlimani, nayo inanikaa vizuri mno.

Septemba 2025 Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wa hapa walitazama kwa simu. Wiki iliyofuata wakaanza kuja: "Fundi, nishushie usukani niwe kama Pogačar." Yule bingwa wa dunia alinyonga kilomita zaidi ya 267, kwa zaidi ya saa sita, katika mkao uliopimwa kwa mwili wake na mazoezi yake. Eddy Merckx, mshindi wa Tour mara tano, baada ya ajali ya Blois ya mwaka 1969 iliyomwumiza nyonga, alikuwa akirekebisha siti hata mashindanoni. Kama yeye alitafuta sentimita zake miaka yake iliyobaki ya kazi, kijana wa Majengo hapa Moshi asione aibu kutafuta zake.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda kuchagua kati ya baiskeli mbili, nenda na viatu utakavyonyongea. Mwombe fundi aweke siti zote mbili kwenye kipimo chako na apime upepo kabla hujapanda. Panda nazo mlima, ushuke nazo. Na fundi akikuambia hilo halina haja, tafuta fundi mwingine.