Karura, mahali pa mgonjwa kunyoosha miguu

Ukitaka kuingia msitu wa Karura, msomaji, shika barabara ya Limuru au ya Kiambu, ulipe kiingilio langoni, na kelele za matatu zitakatika ghafla. Husikii ila ndege, na kima wakirukaruka matawini. Msitu huu wa hekta zipatazo 1,000 ungekuwa umejaa majumba ya wakwasi leo, lau si Profesa Wangari Maathai na wenzake waliowakabili wanyakuzi wa ardhi mnamo 1998 na 1999. Mama huyo alifariki 2011 kwa saratani.

Nami ni saratani iliyonipeleka huko. Shangazi yangu alikuwa akitibiwa saratani ya matiti kwa dawa za kutiwa mshipani, na jamaa wote tulimshikilia alale tu. Kumbe tulikosea! Daktari wake alimtaka atembee. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba mazoezi ya wastani wakati wa matibabu hupunguza ule uchovu usiokwisha hata kwa usingizi. Nusu saa mara tatu kwa wiki yatosha. Anayeanza na aanze kwa dakika 10. Uweze kuzungumza unapotembea. Ukihema hata maneno yakatike, punguza mwendo.

Lakini asilani usitoke kabla ya kumwuliza daktari wako, hasa iwapo damu imepungua au ugonjwa umefika mifupani. Ukiwa na homa ya nyuzi 38, sahau msitu, kimbilia hospitali, kwani dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Maji ya mto usiyaguse, na kima usiwalishe.

Siku ya kwanza nilikazana tufike kwenye maporomoko ya maji. Njiani shangazi akasimama, akaegemea mti. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi kwa sababu ya dawa, hata mawe hakuyahisi, na udongo mwekundu ulikuwa unateleza kwa mvua ya usiku.

"Mwanangu, maporomoko hayahami," akaniambia.

Nikaona haya. Tukarudi polepole, amenishika mkono.

Jumamosi iliyofuata tulifika mapema kabla watu hawajafurika, yeye akiwa na kofia, fimbo, chupa ya maji na raba zisizoteleza. Tulifika kwenye mti ule ule, tukaupita kwa hatua kama 50 hivi, naye akasema turudi nyumbani, chai inamngoja.