Mji wa Dhahabu, Jina la Chumvi



Mji wetu wa Mbeya ulianza kukua katika miaka ya 1920 kutokana na dhahabu iliyopatikana kule Lupa, Chunya. Watu walimiminika kutoka mbali, kila mmoja akitumaini kwamba udongo ule ungembadilishia maisha. Lakini jina lenyewe la Mbeya, kama isimuliwavyo, latokana na neno la Kisafwa "ibeya", yaani chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walifika huku kubadilishana mazao yao kwa chumvi.

Naona hapo fumbo la maisha yetu. Mwanadamu hupenda kuwa kama dhahabu: atazamwe, apimwe, atunzwe. Wako vijana wa hapa Ilomba waliokwenda machimboni, wakarudi mikono mitupu, na sasa waona haya hata kuketi katika jumuiya. Nani aliyewafundisha kwamba thamani yao ni zile gramu walizozikosa? Pengine ni sisi, tunaomuuliza arudiye safari "umeleta nini?" kabla ya "hujambo?"

Kristo hakuwaita wanafunzi wake dhahabu ya dunia. Aliwaita chumvi (Mt 5:13). Chumvi haina faida ikibaki kibuyuni. Huyeyuka, isionekane tena, lakini kila alaye hujua kama imo au haimo.

Basi, kijana wa namna hiyo akibisha hodi juma hili, mkaribisheni kwanza mezani. Maswali yatangoja.

Nawatakieni Dominika njema.