Bolti Namba 10

Kijana aliyefunga gurudumu la mbele la pikipiki ya marehemu baba hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu kwa miaka mitano nilisema kinyume chake na watu wakaniamini, maana mimi ni mwalimu wa fizikia na yeye alikuwa fundi wa chini ya mwembe.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125. Baba, bwana shamba, aliizungukia vijiji vya Uluguru mpaka akastaafu, na alipofariki ikabaki kwangu. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, wakiwalenga watu wanaopakia kupita kiasi na kubadili oili pale wanapokumbuka. Ndiyo maana injini yake inasukuma valvu kwa fito badala ya mnyororo, na ina uvumilivu wa punda. Wachina waliiga injini hiyo, na bodaboda nyingi tunazopanda leo zina damu yake. Kiburi changu kilianzia hapo. Nilikuwa nimeshaifunga pistoni ya Kichina, ikakubali. Kabureta, ikakubali. Pleti za klachi, zikakubali. Nikaamini kwamba mzee huyu hakatai kitu cha wanawe.

Mwaka 2019 ringi ya mbele ilikuwa imeliwa na kutu na spoku zinakatika moja moja. Kwenye duka la vipuri vya mtumba hapa Morogoro nikaona gurudumu la mbele la bodaboda ya kisasa: ringi ya alumini, nyeusi, inang'aa, pamoja na ekseli yake na sahani yake ya breki. Namba 18, kama ya kwangu. Nikalipa bila kupima kitu kingine. Usiku ule nikabadilisha beringi mwenyewe, sebuleni, kwa nyundo na kipande cha mti, nikalala nimeridhika.

Asubuhi, chini ya mwembe, kijana alichukua ekseli yangu ya zamani akaipitisha kwenye gurudumu jipya. Ikacheza kama mchi kwenye kinu.

"Ticha, hii yako ni 12. Gurudumu linataka 15."

Hakuwa na kipimo mkononi. Alikuwa amesoma namba za beringi. Namba ikiishia 01, tundu lake ni milimita 12; ikiishia 02 ni 15; ikiishia 03 ni 17. Beringi za habu yangu ya zamani zilikuwa 6301, za gurudumu jipya 6202. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimezigonga nyundo usiku ule bila kujua kwamba zinasomeka.

"Tuliache hili," akasema. "Niletee ringi ya spoku na spoku 36, niisuke kwenye habu yako ileile. Ni bei nafuu, na kila kitu kitakaa mahali pake."

Nikamjibu kwa maneno tunayoyapenda walimu: "Hiyo hesabu nimeshaifanya."

Basi tukapanua matundu ya shokapu kwa drili ya mkono, kutoka 12 hadi 15. Moja likatoka na umbo la yai. Ekseli mpya ikaingia kwa kusukumwa, nikashangilia. Kijana hakushangilia. Alikuwa ameinama anatazama sahani ya breki.

Nieleze hapa jambo ambalo nilipaswa kuliona kabla yake. Ukibana breki ya dramu, viatu vinatanuka na kuishika dramu inayozunguka. Dramu nayo inavivuta viatu vizunguke pamoja nayo. Viatu vimeshikiliwa na sahani, kwa hiyo sahani nayo inataka kuzunguka. Lazima kiwepo kitu cha kuizuia. Kwenye CG125 sahani ya mbele ina mfereji unaokaa kwenye sikio la chuma lililotokeza ubavuni mwa shokapu. Sikio lile ndilo linaloizuia sahani isizunguke breki ya mbele inaposimamisha pikipiki, mtu na mzigo. Sahani mpya ilikuwa na mfereji pia, lakini ulielekea kwingine kabisa. Undugu wa injini haukuwa umefika kwenye magurudumu.

Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha pili na kuwafundisha kanuni ya tatu ya Newton: kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Wanaikariri, nawapa vema. Siku ile kani pinzani ilikuwa mbele ya macho yangu inatafuta pa kushika, na mimi nikaona usumbufu tu wa fundi anayetaka kuongeza bei.

Nikamwagiza akate ukanda wa bati nene, upande mmoja aufunge kwenye sahani, upande wa pili kwenye tundu la bolti ya madigadi. Bolti namba 10, kama mafundi wanavyoiita kwa spana yake; unene wake ni milimita 6.

"Ticha, bolti namba 10 inabeba madigadi. Breki haiwezi."

"We funga, kijana. Nikipata nafasi nitachomelea sikio."

Akanyamaza kidogo. "Sawa, Mwalimu," akasema, akakaza. Nilisikia kwamba ameacha kuniita Ticha. Nilisikia, nikapuuza.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu aliiazima kwenda Matombo kufuata ndizi. Akirudi, kwenye mteremko mmoja karibu na Mkuyuni, mbuzi wakakatiza. Akabana breki ya mbele. Bolti ikakatika, sahani ikazunguka na gurudumu, waya wa breki ukajisokota kwenye habu na kuzidi kuibana breki yenyewe. Hata angeachia mkono, gurudumu lilikuwa limeshakufa. Alivunjika mtulinga na kupoteza meno mawili. Mikungu ilimfuata mgongoni.

Hospitali, baba mdogo akauliza: "Nani alifunga hilo gurudumu?"

Nikamtaja fundi. Swali lilikuwa nani alifunga, nami nikajibu swali lililoulizwa. Sijawahi kusema ukweli uliokuwa uongo mkubwa kama ule. Habari ilifika mwembeni kabla yangu. Kijana hakubishana, nani angemsikiliza dhidi ya mwalimu? Madereva wakaanza kupeleka pikipiki kwingine, na haikupita miezi mingi nikapita pale nikakuta sanduku lake la spana halipo.

Nilipolifungua lile gurudumu nyumbani nilikuta na kosa langu la pili. Kati ya beringi mbili hukaa bomba fupi, ili nati ya ekseli ikikazwa, nguvu ipite kwenye bomba na isizibane beringi kutoka pembeni. Mimi usiku ule wa nyundo nilikuwa nimezifunga bila hilo bomba. Beringi zilikuwa zimegeuka rangi ya samawati kwa moto. Kama breki isingemwangusha mdogo wangu, beringi zingemwangusha. Na hilo kijana hakuligusa wala kuliona. Nikachukua kipande cha bolti, nikakiweka kwenye droo ya chaki, nikafunga.

Mwaka 2024 mdogo wangu alikuja na habari njema: amenunua pikipiki kuukuu na anataka kuibadilisha magurudumu. "Kaka, nataka usimamie wewe. Yule fundi alitaka kuniua."

Nilikwenda kwenye droo, nikaiweka bolti mezani, nikamweleza yote. Aliigeuzageuza kwa mkono uleule ambao masika unamuuma begani. Kisha akaondoka, chai yake ikabaki nusu.

Kijana nilimpata Dumila, njia ya Dodoma. Ana kibanda chenye mashine ya upepo na vijana wawili wanaojifunza kwake. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Akanikatiza kabla sijamaliza la kwanza.

"Ticha, mimi nilikuwepo. Hiyo habari naijua. Wasioijua ni wale wa mwembeni."

Nilikuwa nimesafiri kumwungamia mtu pekee ambaye maungamo yale hayakuwa na jipya kwake. Nikamwachia habu ya zamani, akaisuka spoku 36 siku hiyohiyo, akanitoza bei kamili.

Jumamosi iliyofuata nikasimama mwembeni. Nusu ya madereva ni wapya, hawakuwahi kumjua. Wale wa zamani walinisikiliza wamekaa juu ya pikipiki zao. Nilipomaliza, mmoja akauliza kwa upole: "Sasa Mwalimu, si ungesema yeye akiwa hapa?"

Bolti ilikuwa mfukoni; nilikuja nayo iwe kidhibiti. Hakuna aliyeomba kuiona.