Fromaji ya Noeli

Ukitoka Sake gari linapanda, kona juu ya kona. Ziwa Kivu linabaki chini nyuma yako, na kufika Mushaki umeshatafuta koti. Hapo Masisi, mashariki mwa Kongo, inajianika: vilima vya majani mafupi, kijani mpaka macho yachoke, na kila mteremko una ng'ombe, wengi wao mabaka meusi na meupe, damu ya Ulaya iliyoletwa enzi za Wabelgiji. Watu husema ni Uswisi ya Afrika. Mimi sisemi. Uswisi haina vijana wanaoteremka na chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizosheheni viazi.

Ilikuwa Desemba, kabla vita vya miaka hii havijaifunga njia. Mkobani nilikuwa na kadi ya Noeli kutoka Goma: mzee wa ndevu nyeupe, na reni, wale paa wakubwa wa nchi za theluji, wanane, wakimvuta angani. (Wanane hao walitoka katika shairi la Kimarekani la mwaka 1823; wa tisa, mwenye pua nyekundu, alibuniwa 1939 kwa ajili ya duka moja la Chicago.) Nilimwonyesha mchungaji mmoja aliyeegemea ua wa malisho. Aliishika kadi kwa ncha za vidole.

"Hii nyama iko na maziwa?"

"Sijui, muzee."

"Na ya kike iko na pembe?"

Hilo nililijua. Reni jike huota pembe kama dume, na dume huziangusha mapema msimu wa baridi. Mwenye pembe siku ya Noeli huenda ni jike.

"Kumbe ni wamama njo wanabeba mizigo!" Alicheka mpaka akakohoa.

La maziwa nilikuja kulijua baadaye: Wasami wa kaskazini mwa Ulaya waliwakama reni wao, wakapata kidogo tu, mazito, wakatengeneza jibini. Laiti ningemjibu siku ile, maana nyuma yake sufuria ilikuwa motoni. Maziwa hugandishwa, hukandamizwa, hutiwa chumvi, kisha fromaji, jibini ya huku, hupangwa kwenye rafu za mbao mpaka ngozi iwe ya manjano. Haina makali; huliwa na ndizi mbivu bila aibu. Huteremka Goma, na wakati ule nyingine zilipanda ndege hadi Kinshasa. Zawadi inayosafiri angani, basi, huku walikuwa nayo.

Kupita Nyabiondo majani yanakwisha na msitu unakumeza. Walikale ni nchi ya Wanyanga, na ya gorila wa Grauer, ambaye porini haonekani popote ila mashariki mwa Kongo. Humu ng'ombe ni mgeni. Utendi wa Mwindo, uliorekodiwa kwa Wanyanga mwaka 1956 kutoka kinywani mwa Shekarisi Candi Rureke, nao una safari ya angani: Nkuba, mwenye radi, anamchukua shujaa juu, anamtesa kwa mvua, jua na baridi, kisha anamrudisha na katazo: asiue tena mnyama yeyote, wa msituni wala wa kijijini.

Usiku wangu wa kwanza Walikale radi ilipiga hadi bati likatetemeka. Mwenyeji wangu, kipande cha fromaji mkononi, alisubiri sauti ipite.

"Nkuba," akasema, akaendelea kula.